SOMO: Rangi ya Bunduki na Uvumi wa Silaha Mpya



Somo la toleo hili linajibu swali tuliloulizwa zaidi ya mara moja katika vikundi vya Likasi, na wenzetu wa Kambove nao wameliuliza. Tukiona bunduki, au kipande cha bunduki, chenye rangi ambayo hatujaizoea, je, ni alama kwamba silaha mpya zimeingia? Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halimtulizi mama aliyekimbia Mitwaba usiku, mtoto mgongoni na nyungu kichwani. Yeye anataka kujua kwa nini ni hapana, na ana haki. Kwa hiyo tutalichukua jambo hili polepole.

Hatuandiki ili kumfundisha mtu bunduki. Hapa hamtapata namna ya kuifungua wala ya kuitengeneza. Tunaongea juu ya ngozi ya chuma, yaani ule mpako wa juu ambao kiwanda huupa chuma ili kisile kutu, na juu ya namna watu wanavyoikosea kusoma ngozi hiyo.

Kwa nini swali hili ni zito

Katika kartie moja ya mji wetu, watoto wanaookota mitrayi walirudi na mfuko wa vyuma chakavu. Ndani yake kulikuwa na kipande kimoja kinachong'aa kama kijiko kipya. Kijana mmoja alikitambua: ni cha bunduki. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imebadilika mara tatu. Kwanza ilikuwa kipande kimeokotwa. Kisha ikawa kuna bunduki mpya katika parseli ya fulani. Usiku ikawa watu wa kabila fulani wameletewa silaha kutoka nje, na zinang'aa kwa sababu hazijatumika bado. Familia tatu zililala kwingine. Mama wa parseli ile alikuwa akiuza makala barabarani, na kwa muda wa wiki nyingi majirani walipita mbele ya magunia yake bila kununua. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walipita tu.

Asubuhi ile shefu wa kartie aliita kamati. Mzee mmoja, ajida wa zamani katika jeshi la Zaire, alikiangalia kipande kile bila kukigusa, akacheka kidogo. Alisema: hiki ni kulasi cha bunduki ya Kichina, hivi vilitoka kiwandani vikiwa vyeupe hivi hivi, na hiki kimeshaliwa pembeni, ni kizee kuliko ninyi wote mliosimama hapa. Polisi walikuja wakakichukua. Lakini mama wa makala alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Ndiyo maana tunasema swali hili ni zito. Wazee wa Likasi wanakumbuka stesheni ya treni ya mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai wamelala na watoto wao kando ya reli, miezi na miezi, wakingoja behewa la kuwatoa katika mji waliozaliwa. Kabla ya fimbo na moto, kulikuwa na maneno. Wengine waliitwa bilulu, wadudu. Yaliyowapata ninyi mliotoka Mitwaba, Manono au Pweto si yale yale, lakini mnajua jinsi neno moja la jioni linavyoweza kuhamisha kijiji kizima kabla ya alfajiri.

Chuma kina ngozi

Sisi watu wa Likasi tuna bahati katika somo hili, kwa sababu mji wetu ni mji wa madini na mafundi. Mzee yeyote aliyefanya kazi Shituru ameona namna umeme unavyopita katika maji ya asidi na kuleta shaba juu ya bati, tabaka juu ya tabaka. Ngozi za bunduki ni jamaa ya kazi hiyo. Nyingine hupatikana kwa umeme, nyingine kwa maji ya moto na chumvi, nyingine ni rangi ya kupaka tu.

Tuanze na ile ya zamani, ambayo mafundi kwa Kifaransa huiita bronzaji. Chuma husafishwa, kisha hutumbukizwa katika maji ya soda kali na chumvi, yenye moto kupita ule wa maji ya kuchemka. Juu ya chuma hutokea tabaka jembamba jeusi lenye kuelekea buluu. Tabaka hilo, kwa ukweli, ni aina ya kutu. Kutu nyekundu hula chuma; kutu hii nyeusi hushika mafuta na kukilinda. Ikikosa mafuta, hasa katika miezi ya mvua, nyekundu hurudi haraka. Tena ngozi hii huisha kwa mkono. Mahali ambapo askari hushika kila siku, au ambapo chuma husuguana na chuma, weusi huondoka na chuma cheupe hutokea. Kwa hiyo bunduki yenye sehemu zinazong'aa pembeni mara nyingi ni bunduki iliyotembea sana.

Bronzaji ina tabia moja ya ajabu ambayo imeshaleta hadithi nyingi. Juu ya vyuma vya aina fulani, au maji yakikosa moto wake sawasawa, weusi haubaki weusi. Hugeuka rangi ya zambarau, kama tunda lililoiva sana, na mara nyingine huonekana kama damu iliyokauka. Hutokea hata katika bunduki za viwanda vikubwa, na mara nyingi kipande kimoja tu hubadilika huku vingine vikibaki vyeusi. Nimesikia watu wakisema kwamba bunduki yenye wekundu imeoshwa kwa dawa ili risasi zake zisikose. Wanaojua mambo ya Mai-Mai wanaelewa kwa nini maneno kama hayo hushika haraka kwetu. Ukweli wake ni mdogo kuliko hadithi: ni chuma chenye mchanganyiko tofauti na wenzake.

Ngozi ya pili ni ya fosfati. Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1906, na katika vita ya pili ya dunia Wamarekani waliitumia kwa mamilioni ya bunduki. Chuma huwekwa katika maji ya moto yenye asidi ya fosfori pamoja na zinki, kama ile ya Kipushi, au manganizi, kama ile ya Kisenge. Matokeo si kung'aa. Ni rangi ya majivu, kavu, inayokwaruza kidogo, na hunywa mafuta kama ukuta usiopakwa rangi. Mafuta ya kuhifadhia yakikaa ndani yake miaka mingi, rangi ya majivu huweza kuelekea kijani. Kwa hiyo kipande cha kijani huenda kimelala miaka mingi ndani ya sanduku la ghala. Asiyejua husema kimetengenezwa jana.

Ya tatu ni rangi, ile ya kupaka. Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza walipaka rangi nyeusi juu ya fosfati ya bunduki zao. AKM ya Warusi, iliyoanza mwaka 1959, nayo ilipata rangi nyeusi juu ya fosfati, wakati AK za kwanza zilikuwa za bronzaji. Rangi hubanduka. Chini yake hutokea majivu, na chini ya majivu chuma. Halafu wenye bunduki nao hupaka ya kwao, ya gari, ya mlango, yoyote iliyopo. Bunduki iliyopakwa upya huonekana mpya kama vile baiskeli, kinga yetu, inavyoonekana mpya sokoni baada ya fundi kuipaka. Wanunuzi wa kinga wanajua kuangalia mnyororo na meno kabla ya rangi. Katika mambo ya silaha tunasahau hekima hiyo.

Ya nne ni kromu, ambayo huwekwa kwa umeme. Kazi yake kubwa imefichwa, kwa maana hupakwa ndani ya mtutu ili moshi na chumvi za baruti zisiule. Warusi walifanya hivyo katika AK. Wamarekani hawakufanya hivyo katika M16 za kwanza, na katika vita ya Vietnam bunduki zile zilikwama mikononi mwa askari wao. Sababu zilikuwa kadhaa, pamoja na aina ya baruti na ukosefu wa vifaa vya kusafishia, lakini mwaka 1967 waliamua kuweka kromu katika chumba cha risasi. Jambo la kuchekesha ni kwamba bunduki hizo hizo zilikuwa na kipande cha ndani kilichopakwa kromu, kinachong'aa kama kioo, na baadaye jeshi likabadilisha kikawa cha fosfati, cheusi. Kwa hiyo katika M16 kipande chenye kung'aa kilikuwa cha zamani na kile cheusi ndicho kipya. Kinyume kabisa cha anavyofikiri mtu wa barabarani.

Tena kuna chuma kisichopakwa kitu. Hapa ndipo kulasi cha ajida wetu kinapoingia. Kulasi ni ile sehemu ya ndani inayokwenda mbele na nyuma kila risasi inapotoka. Katika AK za kwanza, na katika bunduki nyingi za Kichina za aina ya 56, sehemu hiyo ilisafishwa tu na kuachwa nyeupe, bila bronzaji wala fosfati, kwa sababu inasuguana kila wakati na hukaa katika mafuta. Mwili wa bunduki mweusi, tumbo jeupe: hivyo ndivyo zilivyozaliwa.

Bunduki moja, rangi mbili

Bunduki ya jeshi haizeeki kama binadamu, kiungo vyote pamoja. Huzeeka kipande kwa kipande. Springi huchoka, kulasi hupasuka, kitako huvunjika. Ghala la jeshi hutoa kipuri, piesi kama wasemavyo mafundi wetu, na piesi hiyo inaweza kuwa imetengenezwa miaka ishirini baada ya bunduki, katika kiwanda kingine, wakati kanuni ya mpako imekwisha kubadilika. Au ghala halina kitu, na fundi wa kikosi anachukua kutoka bunduki tatu mbovu ili kupata moja nzima. Hata kiwanda kimoja, maji yale yale, hutoa rangi tofauti kidogo kwa sababu chuma kigumu na chuma laini havinywi fosfati sawasawa.

Kwa hiyo bunduki yenye madoa ya rangi mbili au tatu inasema jambo moja tu kwa uhakika wa kadiri: huenda imetengenezwa upya kwa vipande. Haisemi nani aliitengeneza. Haisemi iliingia lini wala kwa mpaka gani. Haitaji kabila.

Katika eneo letu vipande vya kuchanganya havikosekani, na lazima tuseme kwa nini, maana vijana wetu hufikiri silaha za Katanga zilianza na Gédéon.

Mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, kompani moja ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, ilizingirwa hapa na majeshi ya Katanga iliyokuwa imejitenga. Walipigana siku tano, maji na risasi vikaisha, wakajisalimisha, waliachiliwa Oktoba. Watu walirudi kwao. Silaha walizozitoa zilibaki mikononi mwa waliowakamata. Kujitenga kulipokwisha Januari 1963, wanajandarma wengi walivuka kwenda Angola na silaha zao, na baadhi yao walirudi katika vita vya Shaba vya 1977 na 1978. Bunduki za kwanza za enzi ile zilitoka zaidi Ubelgiji, kutoka kiwanda cha FN pale Herstal. Baadaye Mobutu alifanya urafiki na China, akaenda Beijing mwaka 1973, na silaha za Kichina zikaongezeka.

Ndipo ikaja 1997, na vita vya 1998 hadi 2003. Zimbabwe, Angola na Namibia upande wa Kinshasa. Rwanda upande wa RCD. Pweto ilipoanguka Desemba 2000, askari na raia walikimbilia Zambia na kuacha vitu vingi ukingoni mwa maji. Serikali ilikuwa imewapa Mai-Mai wa Katanga silaha ili wapigane na RCD, na vita rasmi vilipokwisha, Mai-Mai hao walibaki nazo na kuwageukia wanavijiji. Ninyi wa Mitwaba mnajua sura hiyo kuliko mimi. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mei 2006, alihukumiwa kifo mwaka 2009, alitoroka gereza la Kasapa Septemba 2011, alijisalimisha tena Oktoba 2016, na mwaka 2020 akatoweka Lubumbashi. Machi 2013 Bakata Katanga waliingia Lubumbashi na mchanganyiko wa silaha za moto na za jadi. Juu ya haya yote wekeni bunduki za pupu, zile ambazo wahunzi wa vijijini hutengeneza kwa bomba, zisizo na mpako wowote isipokuwa moshi na mafuta ya mawese.

Miaka zaidi ya sitini ya vyuma, tabaka juu ya tabaka. Chuma cha bunduki hakiozi haraka. Kipande kilichoanguka porini wakati wa Tshombe kinaweza kuokotwa leo na mtoto anayetafuta pesa ya daftari.

Kinachoweza kusema ukweli

Kama rangi haisemi, nini kinasema? Namba na alama. Bunduki ya kijeshi hupigwa namba juu ya mwili wake, na alama ya kiwanda. Nyingi za Kichina zina pembetatu yenye namba ndani. Katika aina hiyo tarakimu za mwisho za namba mara nyingi hurudiwa juu ya vipande vya ndani, na zisipolingana, mtaalamu anajua kwamba kipande kimebadilishwa. Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba kila silaha ndogo iwe na alama yake ya pekee juu ya sehemu kuu, ile ambayo ikiharibika bunduki haifanyi kazi tena. Kabla ya hapo, Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Kongo ikiwemo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ambayo nayo inadai silaha zipigwe alama. Kongo ina tume yake ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi.

Tazameni sasa udhaifu ulipo. Sehemu kuu inadaiwa alama; vipuri vingi havidaiwi. Kulasi au springi inaweza kusafiri bila jina. Na wenye nia mbaya huchukua tupa na kufuta namba ya sehemu kuu, kisha hupaka rangi juu ya kidonda. Hapa ngozi ya chuma inakuwa na maana kwa wachunguzi: mahali palipokwaruzwa na kupakwa upya, katikati ya mpako wa zamani, panawaambia kwamba kuna mtu amejaribu kuficha. Wataalamu ambao Baraza la Usalama limekuwa likiwatuma Kongo tangu 2004, na mashirika kama Conflict Armament Research, hupiga picha alama hizo na kuuliza nchi iliyotengeneza iliiuza kwa nani. Jibu huchukua miezi, mara nyingine haliji. Hiyo ni kazi ya watu wenye makaratasi ya viwanda mbele yao. Mtu anayesimama kwenye kisima na ndoo, hata awe na macho makali namna gani, hawezi kuifanya.

Kuna ngozi moja zaidi, na tunaitaja kwa sababu ni hatari. Ni ya chuma kilichoungua. Silaha zinazokusanywa mara nyingi huchomwa hadharani. Kule Ngong, Kenya, bunduki 5,250 zilichomwa tarehe 15 Novemba 2016. Moto hula bronzaji na rangi, hulegeza springi, na huacha chuma cha rangi ya majivu chenye magamba. Silaha zikichomwa tu bila kukatwa na kuhesabiwa, vipande huweza kuokotwa majivuni na kurudishwa sokoni. Chuma kilichoungua kimepoteza ugumu wake, na bunduki iliyounganishwa kwacho inaweza kupasuka usoni mwa anayeishika. Viongozi mnaoalikwa siku ya kuchoma silaha, baada ya hotuba ulizeni swali hili: nani anabaki kulinda majivu?

Neno moja juu ya kukusanya. Wengi mnakumbuka kazi ya PAREC ya Mchungaji Ngoy Mulunda katika Katanga, miaka ya katikati ya 2000: leta bunduki, pata kinga. Msumbiji walikuwa wameanza kitu cha namna hiyo mwaka 1995 chini ya Baraza la Makanisa na Askofu Dinis Sengulane, bunduki kwa majembe, cherehani na baiskeli, na wasanii wao wakatengeneza viti na sanamu kwa vipande. Mimi naunga mkono kazi hizo, ingawa kila mpango wa kubadilishana una shida yake: mtu huleta mbovu na kuficha nzima. Hata hivyo mbovu nayo ni vipuri. Bunduki tatu mbovu, tumeona hapo juu, ni bunduki moja nzima katika mikono ya fundi. Anayeleta kulasi peke yake asichekwe.

Kipande kikionekana, tufanye nini

Kwanza, mkono usikiguse. Mnaweza kuona ni kipande cha bunduki tu, kumbe chini yake kuna gurneti au risasi kubwa ambayo haijalipuka. Waondoeni watoto, wekeni alama mbali kidogo, kijiti chenye kitambaa kinatosha, na mtu mzima mmoja abaki akizuia wapita njia.

Pili, habari ipite mdomo mmoja. Kamati ichague kabla ya siku hiyo nani atamwambia shefu wa kartie, na shefu atawaita polisi. Najua wengi wenu mnaogopa hatua hii. Aliyehama hana kitambulisho wakati mwingine, hana ndugu katika ofisi, na anaogopa kuulizwa: wewe ulikipata wapi? Woga huo una sababu zake na sitaudharau. Ndiyo maana tunashauri msikibebe kamwe kwenda ofisini. Anayebeba ndiye mwenye mali machoni pa sheria. Kiacheni kilipo, nendeni watu wawili au watatu pamoja na shefu, mama mmoja akiwa kati yenu, na mwandike katika daftari la kamati saa, mahali, majina ya waliokwenda na jina la ofisa aliyepokea. Daftari hilo limeshawasaidia watu.

Tatu, juu ya maneno. Atakayeeleza jambo kwa wengine aseme alichokiona kwa macho: kipande cha chuma, kirefu kadiri hii, kimeonekana katika mtaro. Asiseme mpya. Asiseme wameletewa. Neno "mpya" hatuna njia ya kulijua kwa kuangalia rangi, na neno "wameletewa" lina watu ndani yake. Kama uvumi umekwisha kutembea, kamati isingoje Jumapili. Iende jioni ile ile katika parseli inayotajwa, ikae pale, inywe maji pale, majirani waone. Katika habari ya mama wa makala, kilichofungua biashara yake tena hakikuwa maelezo ya ajida. Mke wa shefu alikwenda kununua gunia kwake mchana, mbele ya watu wote, na kesho yake akarudi kununua la pili.

Nne, wanunuzi wa mitrayi. Hawa tumewasahau kwa muda mrefu. Wao ndio huona vyuma kabla ya polisi na kabla yetu. Mualikeni mmoja katika kikao chenu kijacho, bila kumtisha. Waambieni watoto na wanunuzi jambo moja hilo hilo: chuma cha bunduki hakina bei. Siku kikianza kuwa na bei kwenye mizani, watoto watakwenda kukitafuta porini, na porini hawatapata vipande tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Someni tena habari ya kipande kilichong'aa. Ni saa ngapi, na kwa mdomo wa nani, habari ya kipande iligeuka habari ya watu?

Katika kartie yenu, nani angekwenda kununua makala siku ile ya kwanza?

Je, kuna mzee katikati yenu, mwanajeshi wa zamani au fundi wa Shituru au Panda, ambaye watu wa pande zote wanamwamini akisema "hiki ni cha zamani"? Kama yupo, ameshaulizwa kama anakubali kuitwa? Kama hayupo, mtamtafuta wapi?

Daftari la kamati liko kwa nani sasa, na kalamu yake inaandika?